Aliniita Mamdogo Mbele ya Watu Wote

Ndugu zangu wasomaji, mie ni mtu mzima wa miaka sitini na moja, nnakaa Mawaleh hapa Maskati, peke yangu, na sauti ambayo hata paka wa jirani akiisikia hugeuza shingo kutazama kuna nini. Ukinipigia simu utadhani unazungumza na mwanamme mwenye mafua. Na wallahi nnakwambieni, sauti hii ilikuwa ikiwaliza watu!

Msicheke. Nitaanza mwanzo mpate kufahamu.

Sisi asili yetu Unguja. Wazee walinileta Maskati nikiwa mtoto, tukakaa Ruwi, mlango kwa mlango na mama mmoja wa Kihindi, mjane, kazi yake kufundisha kuimba. Si nyimbo za sinema, hasha. Ni ule uimbaji wao wa zamani wa India ya kaskazini, wa raga, ambao mtu anaweza kukaa na neno moja akaligeuza na kuligeuza mpaka machozi yakakutoka hujui yametoka wapi. Wanafunzi wake walimwita Guruji, yaani mwalimu, na mie nikamwita hivyo hivyo. Nilikuwa nikitumwa kwake na sahani ya mkate wa kumimina, nikifika sirudi. Mama ananiita dirishani, mie nimekaa chini nimeduwaa.

Akanifundisha. Kwa nini mie, mtoto wa Kiswahili nisiyejua hata neno moja la Kihindi? Alisema nna sauti nzito, ya chini, hajaisikia kwa mtoto wa kike mwengine. Nikasoma kwake mpaka nikawa mwari, mpaka nikawa mtu mzima. Siku aliyoona nimeiva, alinikalisha mbele ya tambura yake, kile chombo kirefu cha nyuzi nne kinachovuma nyuma ya mwimbaji, akanifunga uzi mwekundu mkononi. Kisha akanilisha dengu na kipande cha sukari guru kwa mkono wake mwenyewe. Nililia siku ile kama nnaolewa.

Huo uzi, wasomaji, ndio mkasa wangu, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Kwa watu wa uimbaji huu, mwalimu akishakufunga uzi, wewe ni wake na yeye ni wako. Popote utakapokwenda kuimba utalitaja jina lake, na ukilitaja unagusa sikio lako kwa heshima. Asiyefungwa uzi, hata kama kafundishwa umri wake mzima, kwa ada yao hana mwalimu. Ni mtu aliyesikiasikia tu.

Basi nikaimba. Niliimba kwenye kumbi za jamaa wa Kihindi, wakishangaa wenyewe kwa wenyewe, huyu Mzanzibari kayatoa wapi haya! Kaka yangu Nassor, mkubwa wetu, akawa mkali kweli kweli. Akanipiga marufuku nisiimbe mbele ya wanaume. Nilimwitikia ndiyo kaka, halafu nikavaa abaya yangu nikenda kuimba. Nilikuwa jeuri, siwafichi. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi Rusayl kiwandani, naye alichoka. Kila alfajiri baada ya sala mie na tambura, mie na tambura... Siku moja akanambia nichague. Ala! Mtu anamwambia mwenzake achague baina ya mume na pumzi? Alioa kwengine, Mungu amjaalie, na mie sikupata mtoto.

Guruji alipofariki tambura yake akaniachia mie.

Kisha Mungu akanipa Rayyan.

Rayyan ni binti wa dada yangu mkubwa Asila. Asila alifariki kwa maradhi, mtoto ana miaka saba. Babake akaoa mke mwengine huko mji wa Suhar, na mtoto akabaki kwangu. Alikuja na kibegi chake na mdoli mmoja aliyekatika mkono. Hakulia, hakusema. Anakaa tu pembeni ya majlisi, kile chumba cha wageni, ananitazama nnavyofundisha, maana wakati huo nilikuwa na wanafunzi wengi, watoto wa Kihindi, mabibi wa Kiomani, magari ya wazazi yamejaa nje mpaka majirani wanagombana.

Asubuhi moja nnafanya mazoezi yangu, nikasikia sauti nyuma yangu inanifuata. Ndogo, nyembamba, lakini imekaa pale pale panapotakiwa, haitikisiki. Nikageuka. Mtoto amesimama na nguo ya kulalia, mdoli kwapani, anaimba. Tangu mamake afe ndiyo mara ya kwanza nnamsikia anatoa sauti ya maana. Nilimkumbatia, nikamwambia, "Kuanzia leo wewe ni mwanafunzi wangu." Ndivyo nilivyomwambia, kwa mdomo wangu huu.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga wa kwanza. Kila mwimbaji ana sauti yake ya kuanzia, ile ya chini kabisa anayosimamia kama mtu anavyosimama sakafuni kwake. Tunaiita sa. Sa yangu ilikuwa chini, ya Rayyan ilikuwa juu sana. Guruji alikuwa akituasa siku zote: mwanafunzi na akufuate wewe, siku akikomaa atajitafutia yake, lakini wewe usimfuate, utajiumiza! Mie nikasema, yatima huyu, nimkaze vipi koo lake? Nikaikaza tambura kwa kipimo chake. Nikapanda mie kumfuata yeye. Alfajiri na jioni, mwaka nenda mwaka rudi, nikawa nnaimba kwenye sauti isiyokuwa yangu.

Na alikuwa akiimba, mwanangu! Nikimwonesha kitu leo, kesho kakipamba. Kuna wimbo mmoja Guruji aliutunga mwenyewe, hakumpa mtu ila mie. Pana pahala katikati, neno limepanda juu, na mie kifua changu tangu utotoni si kizuri, basi nilikuwa nikiiba pumzi kidogo pale, khe, ndogo sana, kisha nnaendelea. Rayyan akajifunza wimbo pamoja na ile pumzi yangu. Nikimwambia yeye kifua chake kizima, hana haja ya kuiba pumzi, anacheka, "Mamdogo, bila ya hiyo wimbo haunogi."

Alipofika umri wa kufungwa uzi nilikwenda Matrah sokoni nikanunua uzi mwekundu wa hariri. Nikanunua na dengu na sukari guru. Nikamwita kaka Nassor, maana ndiye mzee wetu, nisifanye jambo la mtoto wa Asila bila ya yeye kujua.

Loo! Alisimama. Akasema kuimba ndani ya nyumba keshanyamazia, lakini uzi wa Kihindi mkononi mwa mtoto wa Kiislamu, katu! Huo ni ushirikina. Nikamweleza kwamba ni uzi tu, ni heshima tu, hapana dua wala sanamu. Akanambia, "Zuwena, Asila kaburini atakudai." Hapo alinimaliza. Kumtaja marehemu dada yangu!

Nikauweka ule uzi kabatini, chini ya kanga zangu. Nikajisemea moyoni, kwani kuna haja gani? Huyu damu yangu, namlisha, namvisha, nampa kila nilichonacho. Uzi wa nini baina ya mie na yeye? Si wote wanajua?

Zile dengu nilizipika mchuzi. Tukala sote watatu, kaka Nassor akaongeza.

Miaka ikenda. Koo likaanza kunisumbua. Mwanzo asubuhi, halafu mchana kutwa. Nikila asali, nikichemsha tangawizi, wapi! Siku moja nipo mbele ya wanafunzi, nimefungua mdomo kuonesha sauti, ukatoka upepo... Wallahi upepo mtupu! Watoto wakatazamana. Daktari alinambia nyuzi za sauti zimefanya sugu, kama mkono wa mchimba kisima, kwa kulazimishwa pahala sipo. Nikapasuliwa. Nilipozinduka nikanyamazishwa wiki nyingi, na niliporuhusiwa kusema, ikatoka hii sauti inayomgeuza shingo paka wa jirani.

Wanafunzi wakapungua. Siwalaumu, nani atajifunza kuimba kwa mtu anayekwaruza? Wengine walikuja kuaga, wengine walinyamaza tu. Magari nje yakaisha, majirani wakapumzika. Nikabaki na Rayyan peke yake. Nilikuwa nnamwonesha kwa mkono, juu, chini, polepole, na yeye anaimba. Nikimsikia nilikuwa nnajisemea: haikupotea, imehama tu nyumba. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yangu ya moyo, sikuwa na nyengine.

Kisha akapata nafasi ya kwenda India kusoma kwa ustadhi mmoja mwenye jina kubwa. Nani aliyemhimiza? Mie! Nani aliyemfungia mabegi, akamtilia halua na tangawizi kavu? Mie huyu huyu! Uwanja wa ndege nilijikaza mpaka alipopotea machoni, halafu nikakaa kwenye kiti nikalia mpaka mfanyakazi mmoja akaja kuniuliza kama nimepotea.

Hazikupita siku nyingi akapiga simu. Furaha imemjaa. Akanambia yule ustadhi kamsikiliza, kampenda, kisha kamuuliza swali moja: yuko mtu aliyekufunga uzi?

"Nikamwambia hapana," akasema Rayyan. "Si kweli, mamdogo?"

Nilikuwa jikoni. Nimeshika mwiko. Ningesema nini? Ni kweli. Sikumfunga.

"Kweli," nikamwambia.

Akanambia ustadhi kafurahi, kasema amekuja mikono mitupu na hivyo ndivyo anavyotaka, kesho atamfunga yeye. Nikamwambia hongera. Nikakata simu, nikazima jiko, sikumbuki kama nilikula siku ile.

Baada ya hapo simu zikawa chache. Kwa ada yao, aliyefungwa hasemi jina la mwalimu mwengine wala haimbi cha mwengine bila ya ruhusa. Nilikuwa nnaijua ada hiyo kuliko mtu yeyote Mawaleh nzima. Lakini moyo, wasomaji wangu... moyo unakwambia wewe si mwengine. Wewe ni wewe. Nikipita chumbani kwake namwona yule mdoli asiye na mkono, nnamwambia mwenzangu, tumebaki sisi.

Mwaka juzi nikapata khabari Rayyan anakuja kuimba Maskati. Ukumbi mkubwa, picha yake imebandikwa mpaka barabara ya Wattaya, pale penye maduka ya magari. Nilipita na teksi nikamwomba dereva asimame. Nikamwambia, "Yule mwanangu." Akasema mashallah.

Siku yenyewe tulikalishwa mbele. Na nani alikuwa wa kwanza kufika, kanzu mpya, kilemba cha thamani, udi unanukia safu nzima? Kaka Nassor! Anawaambia watu, "Huyu mtoto wetu sisi, tumemlea wenyewe." Nikamtazama... Yaani baadhi ya watu Mungu kawaumba bila ya kumbukumbu!

Rayyan akatoka, kavaa nguo nzuri ya kijani, mzuri kama mamake. Akaimba. Nisiwe mwongo, kaimba mpaka ukumbi ukasahau kukohoa. Halafu akashika kipaza sauti kushukuru. Akalitaja jina la ustadhi wake wa India, akagusa sikio. Akasema kila anachokijua kakipata miguuni pake.

Kila anachokijua!

Mie nimekaa, mikono mapajani, nnasubiri. Nikadhani zamu yangu inakuja. Na kweli ikaja. Akatabasamu akanioneshea mkono, akasema, "Na leo yupo mamdogo wangu aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa akinichemshia asali na tangawizi kila alfajiri kabla ya mazoezi."

Makofi! Watu wote wakageuka kunitazama, mabibi wananitabasamia, masikini, mamdogo mwema, mpishi wa tangawizi. Kaka Nassor ananidukua na kiwiko, "Simama, Zuwena, wanakupigia wewe!" Nikasimama. Nikatabasamu. Nikaweka mkono kifuani kama mtu aliyepewa heshima.

Kisha akaimba wimbo wa mwisho. Ule wa Guruji. Hakusema wa nani, sijui hata kama aliomba ruhusa, akauimba tu. Neno likapanda, likafika pale pahala... khe. Akaiba pumzi. Kifua chake kizima, hana haja nayo, lakini kaiba pumzi pale pale nilipokuwa nikiiba mie. Ukumbi mzima umejaa watu na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ile pumzi ni yangu. Nilitamani nimshike mkono aliyekaa karibu nami nimwambie. Aliyekaa karibu nami ni kaka Nassor, anapiga picha.

Nilimfuata nyuma ya jukwaa. Watu wamemzunguka na maua. Aliponiona akawaacha wote, akaja akanibusu mkono na kichwa, akanivuta pembeni. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazuri. Yalinitoka mengine.

"Rayyan, nani alikufundisha sa?"

Akainama. Akasema, "Mamdogo, unajua ada. Sina ruhusa ya kutaja zaidi ya mmoja."

"Koo langu nimelimaliza kwa ajili yako! Na unawaambia watu nilikuwa nnakuchemshia tangawizi?"

Machozi yakamjaa. Nilidhani ataomba radhi. Akaniuliza, taratibu, "Mbona hukunifunga?"

Nikamwambia sababu. Nikamwambia mjomba wako alikataza, akamtaja mpaka marehemu mamako.

"Niliuona ule uzi," akasema. "Chini ya kanga zako. Nilikuwa nnaufungulia kabati kuutazama. Kila Idi nikijua leo mamdogo atanifunga, nnakata kucha, nnajipaka hina mkono mmoja, huu wa pili nnauacha mtupu, nafasi ya uzi. Hukunifunga. Nikajua sifai." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na mjomba alikukataza kuimba pia, mamdogo. Mbona hilo hukumsikiliza?"

Jamani! Nimepigwa na mengi mie. Nimeachwa, nimepasuliwa, nimemzika dada yangu. Sijapata kupigwa namna ile. Maana alikuwa anasema kweli. Kwa nafsi yangu nilimkaidi kaka bila ya kufikiri mara mbili. Kwa mtoto nikanywea, nikajificha nyuma ya damu, nikasema wote wanajua. Kumbe yeye mwenyewe hakujua!

Nikamuuliza kwa hii sauti yangu mbovu, nikikufunga sasa, je? Akatikisa kichwa. Mtu hafungwi mara mbili. Tukashikana tukalia pale, watu wakadhani ni furaha.

Alipoondoka Maskati aliniuliza kama ile tambura imekaa tu. Nikampa. Sikunyang'anywa, nilimpa mwenyewe, nikaifunika kwa kanga yangu isiumie njiani. Ingefanya nini hapa? Hunipigia kila Ijumaa baada ya sala. Ananiuliza khabari za afya, ananiita mamdogo. Ni mtoto mwema, msimtukane. Mie nimemsamehe, na nadhani naye amenisamehe, lakini kusamehewa hakukurejeshei kitu.

Kaka Nassor ile picha kaiweka kwenye simu yake, kila mgeni anaoneshwa. Siku moja nilimuuliza kama anaukumbuka ule uzi. Akasema uzi gani?

Alfajiri bado naamka. Nikishasali nnakaa pale pale nilipokuwa nikikaa, pamebaki alama ya tambura kwenye zulia. Kiyoyozi cha jirani kinavuma ukutani, na mnaweza kuniona mwendawazimu, lakini mvumo wake uko karibu sana na sa yangu ya zamani, ile ya chini. Nnakaa nnakisikiliza. Nikifungua mdomo kuitikia, inatoka kwaruzo, nnaufunga.

Ndugu zangu, ndiyo maana nikaamua kuyasema haya. Wewe unayemfundisha mtoto wako, au wa ndugu yako, kushona, kupika, kusoma, chochote kile, usiseme huyu wangu, anajua. Hajui! Mwambie kwa mdomo, mbele ya watu, kwamba ni mwanafunzi wako na wewe ni mwalimu wake, na atakayenuna anune. Na nyie mliofundishwa na mamdogo, na bibi, na shangazi aliyekaa jikoni, msimshukuru kwa chai. Mtajeni kwa alichokupeni, angali anasikia.

Ule uzi bado upo chini ya kanga, rangi yake haijafifia hata kidogo. Nakuombeni, msiwe na uzi kama huo kabatini mwenu. Mtoto akiwa bado yumo nyumbani, mwiteni, mkalisheni, mfungeni.